Mlango wa Printa: Historia ya Kitu Tunachokipiga Ngumi

Msimu wa kukabidhi ripoti ndo huu umefika, kwa hiyo leo naiweka pembeni Berlin 1884, naiweka pembeni Maji Maji, nawaletea historia ya mlango wa printa. Usicheke kwanza. Nusu ya watu hapa chuoni wiki hii watakabidhi kazi zao kwa wakati au watachelewa kwa sababu ya kile kipande cha plastiki ambacho kikibamizwa kulia kinafunguka kushoto, kikibamizwa kushoto kinafunguka kulia, na taa ya njano inawakawaka tu.

Sisi watu wa historia tumefundishwa kuuliza swali moja: hiki kitu kimekuwaje mpaka kikawa hivi? Basi niliuliza. Kwa nini mashine ya kuchapa iwe na mlango? Na kwa nini ikatae katakata kufanya kazi mlango ukiwa wazi hata kwa upana wa kucha? Jibu ni kwamba ule mlango umebebeshwa kazi tatu, kila moja kwa wakati wake: kulinda giza, kutenga moto, na kufungia leza. Na ile tabia yake ya kutofunga vizuri nayo ina asili yake. Twende taratibu.

ENZI ZA MASHINE BILA MLANGO

Huku kwetu kuchapa kulianza na chuma kilicho wazi. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, na misheni ile ikawa na mashine yake ya kuchapa. Vijana waliokombolewa kutoka utumwani wakafundishwa kazi hiyo: kupanga herufi za madini moja moja, kupaka wino, kulaza karatasi, kubana, kuinua. Hakuna mlango hapo. Kila kinachoweza kukubana kidole unakiona kwa macho yako, na ukibanwa unajua nani kakubana.

Hapa Dodoma nako uchapishaji una umri kuliko tunavyodhani. Central Tanganyika Press, ya Kanisa Anglikana, ilianza mwaka 1954, wakati mji huu bado ni wa reli, mnada wa ng'ombe na karanga. Yaani vitabu vilikuwa vinatoka hapa miaka 19 kabla TANU haijaamua, mwaka 1973, kwamba Dodoma iwe makao makuu.

Halafu kuna mashine ya kurudufu. Waulize wazazi wenu waliofundisha. David Gestetner alipata hataza yake London mwaka 1881, na kwa miaka karibu mia moja iliyofuata ofisi na shule za dunia nzima zilizungusha mkono wa mashine zilizotokana na wazo lake. Unapiga taipu kwenye stensili, unaivisha kwenye mtungi wenye wino, unazungusha. Mitihani, matangazo, waraka wa masijala, vyote vilipita hapo. Hatari yake kubwa ilikuwa kuharibu shati. Mlango wa nini?

KAZI YA KWANZA NA YA PILI: GIZA NA MOTO

Mlango uliingia pale watu walipoanza kuchapa kwa kutumia mwanga na umeme. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa kiberiti, wakalisugua likapata chaji, wakalimulika kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, wakanyunyizia unga. Unga ukashika pale mwanga usipofika. Wakabandika karatasi juu, maandishi yakahama. Hiyo ndiyo kopi ya kwanza ya namna hii, na mpaka leo printa ya leza inafuata kanuni ileile: drami inapewa chaji, mwanga unabadilisha chaji hiyo kwa nukta nukta, unga wa tona unafuata mchoro uliobaki.

Sasa fikiria mwenyewe. Kama kila kitu kinategemea wapi mwanga umefika na wapi haujafika, basi mwanga wa dirishani ni adui. Jua letu la Dodoma la saa saba mchana likiingia mle ndani mchoro wote unafutika, na drami ikikaa kwenye mwanga muda mrefu inachoka. Kwa hiyo lazima pawe na giza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mlango.

Ya pili ni moto. Unga ukikaa juu ya karatasi bado ni unga tu, ukipuliza unaondoka. Ili ushike lazima uyeyushwe. Mashine ya kopi iliyofungua biashara hii, Xerox 914 ya mwaka 1959, ilikuwa na uzito wa kilo 294 hivi, na sehemu yake ya joto ilikuwa kali kiasi kwamba karatasi ikikwama inaweza kuwaka. Kampuni ikalazimika kuweka kizima moto kidogo ndani yake. Jina hawakukiita kizima moto, wasije wakatisha wateja. Wakakiita kitu kama "kiondoa kuungua". Biashara bwana!

Printa zetu za leo zina sehemu hiyohiyo, mafundi wanaiita fyuza. Inafika kama nyuzi joto 180 hadi 200. Maji ya ugali yanachemka kwenye 100, halafu kumbuka hapo tunaongelea mara mbili yake, sentimita chache kutoka kwenye vidole vya mtu anayevuta karatasi iliyokwama.

KAZI YA TATU: LEZA

Gary Starkweather, injinia wa Xerox, ndiye aliyepata wazo la kuiandika ile drami kwa mwale wa leza badala ya kuimulika picha. Wakubwa wake hawakulipenda, akahamia kituo cha utafiti cha kampuni huko Palo Alto, na mwaka 1971 mashine yake ikafanya kazi. Mwaka 1977 Xerox wakatoa modeli ya 9700 iliyochapa kurasa 120 kwa dakika. Ilikuwa mashine ya taasisi kubwa, ina chumba chake na watu wake.

Katikati hapo Marekani ikaweka masharti. Kuanzia Agosti 1976 kila bidhaa yenye leza ilitakiwa kuwekwa kwenye daraja kulingana na hatari yake kwa mtumiaji. Ukitazama nyuma ya printa au ndani ya mlango utakuta kibandiko kinachosema ni bidhaa ya leza ya Daraja la 1, yaani salama. Wengi tunaelewa kwamba leza yenyewe ni dhaifu. Hapana! Leza iliyomo ndani kwa kawaida ni ya Daraja la 3B, ambayo mwale wake ukiingia moja kwa moja kwenye jicho unaweza kuliumiza. Mashine nzima inapewa Daraja la 1 kwa sababu mwale hauwezi kutoka nje. Na mara nyingi ni mwale wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni sawasawa, kwa hiyo hata ile kawaida ya kufumba jicho ukimulikwa haikusaidii.

Kwa maneno mengine usalama wa printa uko kwenye boksi, na mlango ni sehemu ya boksi. Ukiutoa mlango, kile kibandiko kimekuwa uongo.

Ili mashine ijue mlango umefungwa, inatumia swichi ndogo yenye springi inayobofyeka kwa nguvu kidogo sana na mwendo mfupi sana. Swichi ya aina hiyo ilibuniwa mwaka 1932 huko Freeport, Illinois, zamani kabla hata ya Carlson kusugua bamba lake. Kwenye printa nyingi mlango una ulimi wa plastiki. Ukifunga, ulimi unaingia kwenye tundu, unasukuma kiwiko, kiwiko kinabofya swichi, umeme unapita kwenda kwenye mota na leza. Ukifungua, unakatika. Ndo maana taa ya njano inaendelea kuwaka wakati mashine haisogei: akili ya printa iko hai, misuli imekatiwa umeme.

MWAKA TULIOKABIDHIWA UFUNGUO

Mpaka hapo mlango ulikuwa kitu cha fundi. Mwenye mashine hakuufungua. Alipiga simu, fundi akaja na mkoba wake. Kilichobadilisha mambo ni Canon. Mwaka 1982 walitoa mashine ndogo za kopi, PC-10 na PC-20, zenye katriji moja iliyobeba tona, drami na sehemu nyingine zinazochakaa. Badala ya fundi kuja kubadilisha kimoja kimoja, wewe mwenyewe unachomoa katriji, unatupa, unachomeka mpya. Mwaka 1984 HP wakachukua injini ya Canon yenye wazo hilohilo wakatoa LaserJet ya kwanza: kurasa 8 kwa dakika, dola 3,495.

Ilikuwa akili kubwa. Lakini tazama kilichotokea kwa mlango. Kifuniko ambacho kilikuwa kinafunguliwa na fundi mara chache sasa kinafunguliwa na kila mtu, kila siku. Na jinsi printa zilivyozidi kushuka bei, bawaba zikawa za plastiki, ndoano za plastiki, ulimi wa plastiki. Kazi ya fundi tulipewa sisi, ila uimara wa kifaa cha fundi hatukupewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa wa mlango kutofunga. Dada wa steshenari hajauzaa, umbali tu ndio umemkuta nao.

BONGO IKAJE?

Sisi tulichelewa kufika kwenye sherehe. Kompyuta ya kwanza serikalini iliingia Hazina mwaka 1965, mambo ya mahesabu yakaenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati LaserJet inazinduliwa 1984, Tanzania ilikuwa bado ndani ya masharti hayo, yanalegezwa kidogo kidogo, mpaka yakaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makarani wetu waliruka kutoka kwenye taipureta na stensili wakatua moja kwa moja kwenye printa ya leza. Ile hatua ya katikati, ya mashine kubwa yenye fundi wake maalumu, wengi hawakuiona. Hapakuwa na muda wa kurithishana ujuzi wa nini kimo nyuma ya mlango.

Halafu ikaja UDOM. Chuo kilianza 2007, na darasa la kwanza likaanza kule Chimwaga, kwenye ukumbi uliokuwa wa chama. Maelfu ya wanafunzi juu ya kilima ambacho jana yake kilikuwa vichaka! Kila mmoja ana madesa ya kutoa kopi, ana ripoti ya fildi, ana risachi. Steshenari zikaota kama uyoga. Mtaji ni mdogo, kwa hiyo printa nyingi ni za mkono wa pili, na katriji zinajazwa tona upya mara nyingi kuliko zilivyokusudiwa.

Ongeza na hali yetu ya hewa. Mvua za Dodoma zinaanza Novemba mwishoni au Desemba, zinaisha Aprili. Inayobaki ni miezi ya ukame, na kuanzia Juni upepo unasomba vumbi jekundu unaliweka popote penye grisi. Bawaba ina grisi. Ongeza na umeme kukatika karatasi ikiwa katikati ya rola. Waliosoma wakati wa mgao wa 2006 na wa 2011 wanajua. Karatasi imekwama, mwenye duka ana haraka, anavuta mlango kwa nguvu. Mara kumi, mara ishirini, ndoano ya upande mmoja inakatika. Kuanzia hapo kulia na kushoto havielewani tena.

SASA MLANGO UKIGOMA UFANYEJE

Haya nimeyakusanya kwa mafundi wawili watatu wa mjini, na yanaenda kwa mpangilio, usiruke hatua.

Kwanza zima, chomoa kwenye ukuta, acha ipoe nusu saa. Najua una haraka. Zile nyuzi 200 hazina habari na haraka yako.

Pili, toa katriji uirudishe. Mafundi wote waliniambia kitu kimoja: mara nyingi mlango ni mzima, katriji ndo haijakaa. Inatakiwa iteleze kwenye reli zake mpaka ikite kabisa. Kama ni mpya angalia kama ule utepe na plastiki za kiwandani zimetolewa zote. Kama ni ya kujazwa tena angalia pembeni kama kuna skrubu iliyochomoza au kikava cha drami kilichopinda. Usiiache kwenye mwanga, ifunike na gazeti. Giza, si unakumbuka?

Tatu, mulika kwa tochi kwenye bawaba na kwenye kingo. Pini ya stepla, kipande cha karatasi, hata ganda la karanga, vyote vinaweza kuuinua mlango milimita mbili, na milimita mbili zinatosha kuufanya ulimi usifike kwenye swichi.

Nne, futa vumbi kwa brashi laini kavu. Usimwagie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Vumbi la Dodoma na mafuta ni saruji.

Tano, funga kwa mikono miwili, pande zote kwa pamoja. Ukisukuma kona moja unaukunja mlango, na ndo mwanzo wa ndoano kukatika.

Sita, kama bado, tazama ulimi na ndoano. Vikikatika, dawa ni mlango mwingine. Gundi inashika siku mbili tatu, halafu kipande kinadondokea ndani kwenye meno ya mashine, ugonjwa unakuwa mkubwa zaidi. Mafundi wanaweka mizoga ya printa zilizokufa. Mwombe akuchomolee mlango wa modeli kama yako. Na kama mlango unafunga vizuri lakini taa bado inalalamika, basi ni swichi au kiwiko chake, hapo mwachie fundi.

Siku hizi steshenari nyingi zimehamia kwenye printa za wino wa matangi. Humo leza haimo na joto lile halimo, mfuniko unalinda vidole dhidi ya kile kichwa kinachokimbia kulia na kushoto. Lakini printa za leza bado ziko, na zitakuwepo.

KIJITI

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna ufundi mmoja unaenea: unachukua kijiti cha meno au karatasi iliyokunjwa, unakichomeka kwenye lile tundu la ulimi, swichi inabofyeka, printa inaamini mlango umefungwa. Inachapa huku iko wazi. Watu wanapiga makofi, fundi huyo ni mkali!

Nielewe vizuri, siwalaumu wanaofanya hivyo. Mwenye duka ana kodi ya fremu, mlango mwingine una gharama, na sisi tuliopanga foleni ndio tunaopiga kelele kwamba saa kumi ofisi ya idara inafungwa. Lakini tujiulize nani analipa. Wewe unasimama upande wa pili wa meza dakika tano, unachukua kurasa zako 60 unaondoka. Anayebaki ni kijana aliyeajiriwa kwa ujira wa siku, ameinama juu ya mashine iliyo wazi kuanzia asubuhi mpaka saa tatu usiku, anavuta karatasi karibu na fyuza, anameza vumbi la tona, jicho lake liko kwenye usawa ambao watengenezaji walihakikisha jicho halitafika. Hakuna aliyemwambia kile kijiti kimeondoa nini. Yeye anajua kimeondoa usumbufu.

Kwenye mashine za enzi za Steere hatari ilikuwa mbele ya macho ya mchapaji. Kwenye printa ya leza imefichwa, na kinachotuambia ipo ni ule mlango peke yake. Kwa hiyo ukikuta printa inachapa ikiwa wazi, usipige makofi. Mwambie anayeitumia kwa upole, "Dada, zima kwanza, tuangalie katriji imekaaje." Inachukua dakika chache, na kama nilivyosema, mara nyingi tatizo ni hilohilo.

Na ripoti chapeni siku mbili kabla. Naomba kuwasilisha.